Kamba Aliyoificha Ilunga

Kuna asubuhi moja ya baridi naikumbuka mpaka leo, mwanangu. Asubuhi hiyo mume wangu Ilunga aliniambia, juu ya mlima, katikati ya theluji, niende zangu nimwache. Usicheke. Najua unanijua kama bibi wa hapa Bellevue anayeshona magauni ya harusi na kugombeza watoto wanaopiga mpira getini kwake. Lakini na mimi nilikuwa kijana, nilikuwa na miguu, na nilikuwa na mume niliyempenda mpaka nikawa mkali. Kaa vizuri nikusimulie, maana nimesikia unataka kumwacha mkeo kwa sababu siku hizi yeye ndiye anayeleta chakula nyumbani kwa kazi yake ya saluni, na jambo hilo mimi nalijua kwa ndani.

Mimi ni Msambaa wa Lushoto. Kwetu ni milima mitupu, mtoto wa kike anapandisha kuni mgongoni kabla hajajua kusuka nywele zake. Ilunga alikuwa mtu wa Lubumbashi, fundi umeme, mrefu, mtanashati, anapiga pasi hata soksi. Tulikutana hapa hapa Johannesburg, tukaoana, tukapanga chumba katika moja ya hizi nyumba za zamani zilizokatwakatwa mpaka stoo ina mpangaji. Mimi nilikuwa na cherehani yangu na wateja hawakukosekana. Yeye vyeti vyake vilikuwa vya Kifaransa, na kila alipokwenda kuomba kazi walivitazama wakamrudishia. Akapata kazi ya ulinzi, nayo ikaisha. Akabaki kukaa nyumbani.

Mwanaume akikaa nyumbani, mwanangu, hata kikombe anakiweka mezani kwa hasira. Nikimpa nauli hataki, anakwenda kwa miguu mpaka Braamfontein na kurudi. Nikipika nyama anasema ameshiba, na tumbo lake nalisikia linavyonguruma. Jioni moja akaniambia kwa Kiswahili chake cha Kongo, "Zaina, miye siwezi kukula jasho la bibi." Kwao mke ndiye bibi. Akasema majira ya baridi yakiisha atapanda basi arudi kwao, na mimi nitamfuata siku akishakuwa mtu. Nilijua siku hiyo haiji. Nililia, nikanuna, nikamwita kila jina, na bado hakubadili neno.

Wakati huo nilikuwa na mteja mmoja, mwalimu wa chuo, mpenda milima, aliyekuwa akiniletea majaketi yake niyatie zipu. Akaniambia kuna nyumba ya wageni Lesotho, juu kabisa kwenye milima ya Maluti, wanatafuta mtu na mkewe kwa majira yote ya baridi. Mke apike, mume aangalie jenereta na majiko. Nilikubali kabla sijamaliza kupiga mshono. Nilijiambia, huko hakuna basi la Lubumbashi, na umeme wa nyumba nzima utakuwa mikononi mwake, labda moyo wake utatulia.

Loo, baridi ile! Maji ya kuoshea vyombo yalikuwa yakiganda ndani ya beseni. Mwenye nyumba alikuwa mama mzee wa Kisotho, mjane, mnene, anavaa blanketi juu ya jaketi. Sote tulimwita Nkono, yaani bibi kwa lugha yao. Yeye na marehemu mumewe ndio walioanza kuwaleta watu kuteleza kwenye theluji pande zile, na tangu ujana wao walikuwa wakishindana mbio za mlimani, mke na mume. Tulizungumza naye kwa Kiingereza chetu cha kuokoteza. Alikuwa na mdomo, yule mama, hata mimi nilimwogopa.

Huyo Nkono ndiye aliyetutolea mbao za kutelezea, chakavu, na buti zilizoachwa na wageni. Akatuonyesha namna ya kupanda mlima nazo. Chini ya kila ubao unabandika kitambaa kirefu chenye manyoya. Manyoya yanakubali kwenda mbele na yanakataa kurudi nyuma, kwa hiyo unapanda bila miguu kurudi nyuma. Ukifika kileleni unavibandua vitambaa, unavitia kifuani visigande, halafu unateleza kushuka. Mimi kupanda nilikuwa hodari siku ile ile. Mlima ni mlima, uwe wa Lushoto au wa Lesotho. Kushuka ndiko kulikonishinda. Nilikuwa nikifika juu navua mbao, naziweka begani, nashuka kwa miguu kama mtu anayetoka kuchanja kuni. Ilunga kinyume changu. Kupanda alihema vibaya, lakini akigeuza mbao kushuka, jamani! Alikuwa akiukata ule mteremko kulia na kushoto, kimya, mpaka wageni wanatoka nje na vikombe vyao kumtazama.

Alasiri zile ndizo ninazozitamani, mwanangu. Wageni wakishakula, vyombo vikishaoshwa, mimi na yeye tunatoka peke yetu nyuma ya mabonde, mahali ambapo hakuna njia iliyokanyagwa. Tunabeba mkate na chai kwenye chupa. Hatuzungumzi sana. Unasikia zile mbao zinavyokwaruza tu, na mara moja moja kengele ya kondoo mbali kule chini. Alikuwa akinipangusa theluji kwenye kope kwa kidole gumba. Nilianza kudhani ameisahau Lubumbashi, mpaka nilipomkuta anamuuliza dereva wa kombi iliyokuwa ikituletea vyakula kama siku ya kurudi atamshusha stesheni ya mabasi. Nilirudi jikoni nikakata vitunguu ili nipate kisingizio.

Mwisho wa msimu Nkono alikuwa akiandaa mashindano ya wawili wawili. Mnapanda, mnashuka, mnapanda tena kupitia upenyo ulio kati ya vilele mpaka juu kabisa, halafu mnashuka hadi nyumbani. Kanuni yake ilikuwa hii: kwenye kila kituo mnapita pamoja. Mmoja akitangulia hapati faida yoyote, atasimama amngoje mwenzake. Na inaruhusiwa mwenye nguvu kumvuta mwenzake kwa kamba ya mpira, kiuno kwa kiuno. Ilunga mwenyewe ndiye aliyetaka tuingie. Nafikiri alitaka aondoke akiwa ameshinda kitu. Mimi nikashona mikanda miwili ya kiunoni, imara, nikaifunga kamba ya mpira katikati. Asubuhi ya mbio akaipokea, akaikunja vizuri, akaitia ndani ya jaketi lake. "Tutaifunga mbele," akasema.

Mbele tulifika, hakuifunga. Mlima wa kwanza alijikaza kisabuni, nikaendelea kupanda. Mlima wa pili ukungu ukashuka, na kila nikigeuka namwona amebaki nyuma zaidi. Nikasimama nimngoje, akifika ananikaripia, "Unasimama nini? Twende!" Nikimwambia tufunge kamba, anajifanya hasikii. Watu wakatupita, mke na mume mmoja baada ya mwingine, na wengine mke ndiye anayevuta, na hakuna aliyeshangaa. Upepo ukaanza. Jasho lake likageuka baridi mwilini, nikaona midomo imebadilika rangi.

Nilifika upenyoni kabla yake. Kituo cha mwisho alikuwa amekaa Nkono mwenyewe, kwenye kiti cha kukunja, na blanketi lake. Nikasimama pale, natazama ule ukungu mweupe usio na mtu. Alipotokea alikuwa anayumba. Akaegemea fimbo zake za kutelezea, akaniambia, "Zaina, wende. Miye nakuchelewesha. Hapa nakuchelewesha, na kule Joburg nakuchelewesha. Wende tu, uniache."

Nkono hakujua Kiswahili hata cha kuombea maji, lakini uso wa mtu hauhitaji mkalimani. Akauliza, "Kamba yenu iko wapi?"

Ilunga akagusa kifua chake. "Iko humu."

"Inafanya nini humo?"

"Mimi ni mwanaume, Nkono. Watu wamesimama kule chini wanatazama."

Yule mama alicheka mpaka akakohoa. Halafu akaacha kucheka ghafla. "Marehemu alinivuta mlima huu miaka mingi. Goti lake lilipoharibika, nikamvuta mimi. Uliwahi kusikia mtu hapa anamtaja vibaya? Sasa nisikilize, kijana. Kamba hiyo haimbebi mtu. Kila hatua utapiga kwa miguu yako, na jasho litakuwa lako. Kazi yake ni kwamba msipotezane. Unadhani ukiikataa unamwondolea mkeo mzigo? Mtazame. Umemwacha peke yake huku juu, anatazama ukungu."

Wee! Machozi yalinitoka, mwanangu, na yaligandia shavuni. Miezi yote ile sikuwa nimepata maneno ya kumwambia kilichokuwa kinaniuma. Sikuchoka kumlisha. Nilichoka kuwa peke yangu ndani ya chumba chenye watu wawili.

Nami nikadhani nimeshinda kesi. Nkono akanigeukia. "Na wewe usijione malaika. Kila siku nakuona unavyoshuka na mbao begani, na huyu kijana amesimama chini amekunyooshea mkono. Unataka umvute tu, yeye asikusaidie hata kidogo? Haya, fungeni kamba. Na wewe unayevuta, geuka umtazame. Ukimvuta bila kumwangalia utamwangusha."

Ilunga akaitoa kamba. Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi, nikamfungia mimi mkanda, na hakunizuia. Kilikuwa kimebaki kipande kifupi cha kupanda. Hatua za kwanza zilikuwa vurugu tupu, mimi nakurupuka, yeye anajikwaa, tunatukanana kwa lugha mbili. Kisha nikageuka nikapunguza mwendo, naye akaupata mwendo wangu. Nilimsikia anavyohema nyuma yangu, na kwa mara ya kwanza siku ile sikuwa na wasiwasi.

Kileleni, wakati wa kushuka, nilizitazama mbao zangu. Mkono ulitaka kuzivua. Nikapiga moyo konde, nikamwambia, "Ilunga, mimi naogopa. Tangulia, nikufuate." Uso wake ulivyofunguka, mwanangu, siwezi kukueleza. Akasema, "Usitazame chini. Tazama mugongo yangu tu." Akashuka polepole, kwa mizunguko mipana, anageuka kila mara, na mimi nyuma yake napiga kelele kama mbuzi anayepelekwa mnadani. Nilianguka, akanirudia akaninyanyua. Nilianguka tena, tukacheka wote mpaka tukakosa nguvu.

Tulifika wa mwisho. Wenzetu walishavua buti, wanakunywa supu. Mgeni mmoja kijana akamtania Ilunga, "Eish, mzee, leo umevutwa na mama!" Mimi nikajua kumekucha. Ilunga akajibu kwa Kiingereza, kwa sauti, wote wasikie, "Nimevutwa. Na nimefika na mke wangu."

Lakini hata hapo sikuwa na uhakika. Siku ya kuondoka begi lake alilifunga mbali na langu, na mimi sikuuliza. Nilijifunika kitambaa nikajifanya nimelala njia nzima, toka mpakani mpaka Johannesburg. Tulipoanza kuingia mjini, tumesimama kwenye roboti, hizi taa za barabarani, dereva akageuka. "Baba, wewe nakushusha stesheni ya mabasi, sivyo?"

Ilunga akaitazama roboti mpaka ikawaka kijani. Kisha akasema, "Hapana. Tunashuka wote Bellevue."

Nililia ndani ya kile kitambaa, na alijua nalia, akaniwekea mkono wake gotini.

Sitakudanganya kwamba tangu hapo ilikuwa asali. Alikaa bila kazi muda mrefu bado, na kununa alinuna. Ila alianza kula nyumbani. Akanipigia pasi nguo za wateja, na hakuna mtu mtaa huu aliyepiga pasi kama yeye. Watu walisema, na sisi tukawaacha waseme. Baadaye kazi ya umeme ilikuja, tukapata watoto, tukazeeka pamoja. Sasa yeye ametangulia, na chumba hiki kina mtu mmoja kweli kweli, hakuna wa kumgombeza. Kama angepanda basi lile, mimi nisingekuwa na kitu cha kukumbuka.

Basi nakuambia wazi, mwanangu. Kula chakula cha mkeo. Kula kwa shukrani, osha sahani, na asubuhi utoke tena kutafuta kazi, maana miguu ni yako na hakuna atakayetembea kwa niaba yako. Anachokihitaji kwako si mkate tu. Anahitaji kusikia uko naye pale anapohangaika. Ukiondoka kwa aibu utasema umemwepusha na mzigo, na yeye atabaki peke yake anatazama mlango. Na umwambie, nimesema mimi, na yeye ajifunze kukuambia, "Hapa naogopa, tangulia wewe." Kila mtu anapo pahali pake pa kuogopa.

Mungu aibariki mikono yako ipate kazi, ailainishe shingo yako ipokee unachopewa, na awajalie nyinyi wawili mchelewe sana kuagana. Amka sasa, uende. Saluni zimeshafungwa, mkeo amerudi, na kama namjua vizuri, hajala, anakungoja.