Moshi Chini ya Dashibodi

Masika yale vani yetu kuukuu ilivuja kuliko paa la jiko. Mimi na mume wangu tulikuwa tunapakia ndoo na mabeseni nyumbani Nachingwea, tunakwenda kuuza Ruangwa, na mara nyingine tunafika hadi Namungo kwa wachimbaji wa dhahabu. Mvua ikinyesha, maji yalipenya juu ya kioo cha mbele na kunidondokea magotini. Hilo nilishalizoea.

Hofu ilinianza siku honi ilipolia bila kuguswa, kisha taa zikazimika zote tukiwa kwenye mteremko, alfajiri, bado giza. Mume wangu alilisogeza gari pembeni kwa kubahatisha tu.

"Maji yameingia kwenye nyaya," alisema.

"Basi tukifika Ruangwa, moja kwa moja gereji. La sivyo mimi sipandi tena."

Gerejini fundi alikata mpira unaozunguka kioo, yeye na mwenzake wakakisukuma taratibu kutoka ndani na kukilaza juu ya magunia. Akachokoa fremu kwa bisibisi. Bisibisi ikazama hadi kwenye mpini. Bati lote lilikuwa limeliwa na kutu.

"Shemeji," aliniambia, "kioo hiki kilikuwa kinashikwa na Mungu tu."

Nikamkumbuka mwanangu wa mwisho, niliyezoea kumpakata pale pale mbele.

Fundi alilikata bati lililooza, akaandaa jipya la kuchomelea. Alitaka mtu akae ndani, ashikilie gunia bichi juu ya dashibodi ili cheche zisiingie. Mume wangu alikuwa nje ameshika bati kwa koleo. Nikaingia mimi.

Nilifumba macho kwa sababu ya ule mwanga wa kuchomelea. Mara nikasikia harufu ya plastiki inayoungua. Nilipofumbua, moshi mweusi ulikuwa unapanda kutoka miguuni pangu.

"Acheni! Huku kunaungua!"

Jenereta ya kuchomelea ilikuwa inanguruma, hakuna aliyenisikia. Nikavuta kitasa, nikavuta tena. Mlango ule ulikuwa haufunguki kwa ndani tangu tulinunue gari lile, na kwa woga nilikuwa nimesahau. Nyuma yangu ndoo zilijaa hadi juu. Nikauona ulimi wa moto upande wa dereva.

Nilipanda juu ya kiti, nikajitupa kupitia pale kioo kilipokuwa. Bati la moto lilinichoma tumboni, kanga ikanasa, nikaiacha. Mume wangu alinidaka. Fundi alirukia beleshi, akamwagia mchanga, mwenzake akachomoa betri, moto ukafa.

"Betri nilipaswa kuitoa kwanza," fundi alisema. "Nisamehe, shemeji."

Nilikuwa natapika.

Kesho yake alimaliza: nyaya zilizoungua, bati, puti ya kuziba mashimo, rangi ya kuzuia kutu, mpira mpya, silikoni. Wakamwaga maji juu ya kioo ndoo kwa ndoo, mume wangu akiwa ndani anapapasa kwa kiganja.

"Pakavu!" alipiga kelele. "Njoo ujionee!"

Nilikataa kusogea.

Jioni ilibidi turudi, nikapanda. Nilikuwa nainusa dashibodi tangu tunatoka mjini. Mume wangu alishika gia, nami nikaushika mkono wake. Hakunikataza. Tulibadilisha gia pamoja, mkono juu ya mkono, mpaka Nachingwea.