Moshi Mahameni

Nilimsalia rozari siku tisa, kama ninavyowasalia marehemu wengine. Mwezi wa sita nikamkuta jikoni kwangu, anachochea moto.

Sitanii.

Ilikuwa 1975. Tulikuwa tumehamishiwa kijiji cha ujamaa, kando ya barabara ya Sumbawanga. Nyumba yangu ya zamani ilibaki mahameni, kule tulikohamishwa, pamoja na kaburi la mume wangu, Adriano.

Nilikuwa na miaka sitini na mbili. Kila jioni nilikwenda kisomo cha watu wazima. Mkwe wangu Rozina akanicheka.

"Mama, hizo herufi utazipeleka mbinguni? Ota moto tu, usubiri siku yako."

Maneno yale yaliniingia. Kisomo nikaacha.

Asubuhi moja nikafunga unga wa ulezi kwenye kitambaa, nikaondoka kimyakimya. Nilikusudia kukaa karibu na Adriano mpaka Mungu anichukue.

Upepo wa Ufipa mwezi wa sita hauna huruma. Huko mahameni milango ilikuwa inajigonga yenyewe.

Nikaona moshi juu ya paa langu.

Ndani alikuwemo Mzee Magan, Mhindi aliyekuwa akituuzia chumvi mjini. Mwaka uliotangulia wanawe walinyoa vichwa, wakamtolea matonge ya wali kama wanavyowatolea maiti wao, wakalia. Sisi tukajua amekufa. Ndiyo ile rozari.

Nikapiga ishara ya msalaba.

"Shikamoo," nikasema. Hata mzimu una umri wake.

"Marahaba. Usiogope, mama. Msiba ule nilijifanyia mwenyewe."

Akanieleza. Kwao maisha yana ngazi nne. Kwanza mtu anasoma. Kisha anaoa, analea. Akiona wajukuu, anakabidhi duka, anaingia porini kumtafuta Mungu. Mwisho anajifanyia mazishi angali hai, anaacha kila kitu.

"Wewe umefuata nini huku?"

"Nasubiri kufa."

"Umeshasoma?"

"Nilikuwa nasaga ulezi. Kisha nikaolewa."

"Ngazi ya kwanza hujaikanyaga, unataka ya mwisho? Unaruka foleni, mama."

Nilicheka, jamani. Mara ya kwanza tangu nimzike Adriano.

Jua lilikuwa limeshuka, hata kaburini sikufika. Nikarudi.

"Ulikuwa wapi?" Rozina akauliza.

"Naenda kisomo," nikamjibu.

Mwalimu Ambakisye akanipa benchi la mbele, kwa sababu ya macho.

Pasaka iliyofuata nilikuwa nasoma Injili mwenyewe, polepole, kidole kikitangulia. Nikaenda mahameni nimsomee Mzee Magan.

Jikoni nyasi zilikuwa zimeota mafigani. Nikaenda kwa Adriano. Pembeni yake palikuwa na kaburi jingine, limezungushiwa mawe.

Nikashuka mjini, dukani kwa mwana wa Mzee Magan, Kanti.

"Wachoma mkaa walimkuta amekufa kwenye nyumba moja kule," akasema. "Sisi tunachoma maiti, lakini mtu aliyefika ngazi ile tunamzika. Tulimzika mwezi wa tatu."

"Mwaka huu?"

"Mwaka jana, mama."

Mimi niliongea naye mwezi wa sita.

Nilimuuliza padre. Akasema tusali. Tukasali.

Mpaka leo sijui ni nani aliyenirudisha. Ninachojua, Mungu hakunichukua siku ile kwa sababu kazi yangu ilikuwa haijaanza. Wewe unayeambiwa umri umekwisha, kagua vizuri: huenda hujaanza.

Sasa nafundisha akina mama wenzangu kusoma, Jumanne na Alhamisi. Rozina huwa anachelewa, lakini anakuja.