Fundi Redio na Muziki wa Kunguruma

Fundi redio aliyekodi chumba cha parokia yetu hapa Kasulu hupanga bisibisi zake kwa urefu, kisha huwasha muziki wa deth metali: magitaa yanayokimbizana na mtu anayenguruma kama amekabwa koo. Kamati ya parokia ilinituma na barua ya kumtoa kwa sababu ya kelele hizo. Nilimkuta akipuliza vumbi kwenye spika.

“Mwalimu, muziki huu ulianza Marekani miaka ya themanini,” alisema kwa upole. “Vijana walichukua roki nzito wakaiongezea kasi, mwishowe wakaacha kuimba, wakanguruma.”

“Wanaimba kifo!”

“Na sisi Ijumaa Kuu, mwalimu?”

Nilikuwa naitoa barua alipoingia bibi kutoka kijiji cha Titye na redio ndani ya kitenge. Fundi alizima muziki, akainama, akapiga makofi taratibu. “Mwidiwe, mama,” akamsalimu kwa heshima ya Kiha. Aliuliza habari za nyumba, za wajukuu, za maharage, na kila jibu akalipigia makofi. Wanafunzi wangu hunisalimu huku wakitembea.

Bibi alipoondoka, niliirudisha barua mfukoni. “Wakati wa misa uzime,” nikasema.

“Ndiyo, mwalimu.” Akainama, akanipigia makofi na mimi.