Siku Niliposhindwa Kumeza Unga

Kosa ni langu, nalikiri mapema ili tusisumbuane: mimi ndiye niliyesimama kwenye mkutano wa kijiji nikaeleza kwa nini mwongo hawezi kumeza unga mkavu. Hakuna aliyeniuliza. Ila nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na kijijini kwetu, upande wa Litapunga, elimu hiyo ilikuwa kama kikohozi: ikikubana, lazima itoke.

Mkanda wa mashine ya kusaga ya kijiji ulikuwa umeibwa, na kufuli halikuvunjwa. Ufunguo nilikuwa nao mimi. Ndiyo kazi pekee niliyowahi kuipenda, maana mashine ilikuwa hatua hamsini kutoka kitandani kwangu, na mimi ni mtu wa nyumbani. Wanawake walirudia kinu na mchi, mikono ikawatoka malengelenge, na hawakuwa wanacheka. Kamati ikamwita mzee mmoja kutoka Mwese anayepima waongo. Kila mshukiwa anapewa unga mkavu kiganja kimoja, ameze bila maji. Msafi humeza. Mwongo hupaliwa.

Tulikuwa watatu: mimi, fundi wa mashine na mlinzi. Wengine wakanong'ona kuwa huo ni ushirikina. Ndipo nikasimama.

"Jamani, hii ni sayansi! Mtu akidanganya anaogopa, akiogopa mate yanakauka. Nyie hamkusoma baiolojia. Nianze mimi."

"Haya mwalimu, tufundishe," fundi akasema, watu wakacheka.

Nikautia unga mdomoni. Hapo hapo nikawaza: na mate yakikauka je? Yakakauka. Ulimi ukawa kipande cha turubai. Unga ukapanda puani, nikakohoa mpaka shati la mwenyekiti likawa jeupe. Fundi na mlinzi wao walimeza kama wanakula wali wa harusi.

"Umejihukumu," mwenyekiti akasema akijipangusa. "Na sababu umetueleza wewe mwenyewe."

Mgambo wakanifunga kamba, mimi ambaye hata msibani huwa natafuta visingizio nirudi kulala kwangu. Barua ya kunikabidhi polisi Mpanda mjini ilisema mtuhumiwa amepimwa mbele ya wananchi na ameshindwa. Nikakaa mahabusu siku nne kwa ajili ya sentensi hiyo.

Kwenye mahakama ya mwanzo, hakimu aliisoma barua mara mbili.

"Mkanda ulikutwa kwake?"

"Hapana, mheshimiwa," mwenyekiti akajibu. "Ila alikohoa."

"Kuna aliyemwona akiuchukua?"

"Kukohoa tulimwona wote."

Hakimu akavua miwani. Akasema hajui sheria inayoufanya unga kuwa shahidi, na huyo mzee wa Mwese akithubutu kupima mtu mwingine, ataletwa yeye kizimbani. Nikaachiwa. Nikaomba nakala ya uamuzi, ikagongwa mhuri, nikaikunja taratibu kama hati ya shamba. Mjinga mimi, nilidhani nimeshinda.

Kesho yake asubuhi nikaenda ofisi ya kijiji kudai ufunguo wangu. Mwenyekiti akaisoma karatasi mpaka mwisho, hata akausifia mhuri.

"Mahakama imekuachia, na sisi hatukukamati," akasema. "Lakini ufunguo si wa mahakama."

Alishampa fundi. Mkanda mwingine ulikuwa umeshafungwa. Tulikuwa tunapaza sauti ili tusikizane, mashine ikinguruma pale pale hatua hamsini kutoka kitandani kwangu. Nilitaka kuuliza huo mkanda umetoka wapi. Nikamwangalia fundi mlangoni, amejaa unga hadi kwenye nyusi, ananipungia mkono kwa furaha. Sikuuliza. Nani angemsikiliza mtu aliyepaliwa?

Basi nikaanza kuitembeza karatasi yangu nyumba kwa nyumba, mimi nisiyependa kutembea. Wengi walisema "hongera" kwa sauti ile ya kumpa pole mgonjwa. Mwisho nikafika kwa jirani yangu, mama ambaye kati ya uani kwake na kwangu hapakuwa na hata ua wa mabua. Huyu nilimtegemea. Aliweka ungo chini, akafuta mikono kwenye kanga, akasoma akipitisha kidole chini ya kila neno. Alipofika kwenye mhuri akanirudishia.

"Iweke vizuri, baba, isije ikalowa," akasema. "Ila siku ukija kuomba chumvi, simama hapo hapo nje, nitakuletea."