Kombe la Bluegrass Kwenye Mnada wa Kanisa

Albamu yangu ya bluegrass, ule muziki ndugu wa country wenye banjo na fidla, iliposhinda tuzo, mama alinipigia simu kutoka Kangema. "Kuja na hiyo kikombe iombewe kanisani," akasema, akakata. Nyimbo hakuzitaja. Kwake banjo ni ya baa, na tangu niache ualimu hajasikiliza hata wimbo wangu mmoja. Nilitamani baraka yake kuliko tuzo yenyewe.

Jumamosi asubuhi nikapanda gari kutoka Skuta ninakoishi, kombe nimelifunga leso ndani ya kiondo. Nilijiambia nitatulia njiani. Wapi! Kufika Othaya nilikuwa nikitamani kushuka. Baada ya Kiria-ini mashamba ya chai yalijaa pande zote, manyunyu yakianguka, nami nikaomba gari liharibike nirudi zangu.

Nyumbani mama alinimiminia chai, akaniuliza kama ninakula vizuri. Kombe alilipima mkononi. "Ni nzito," akasema. Basi.

Jumapili, wakati wa sadaka, nilipeleka kombe mbele liombewe. Mzee wa kanisa akaliombea, kisha akaliweka pamoja na ndizi, mayai na jogoo. Kwetu kinachofika pale mbele ni sadaka, na sadaka isiyo pesa hupigwa mnada nje baada ya ibada. Nililijua hilo tangu utotoni, na bado nilikaa nikingoja kurudishiwa.

Nje, jogoo alipouzwa, mzee akaliinua kombe.

"Mzee, hiyo ni yangu," nikamwambia.

"Si ushapeana kwa Mungu? Ati sasa nimnyang'anye?"

Watu wakacheka. Mwenye bucha akataja bei, akisema litapendeza kwa kaunta yake. Nikamtazama mama. Alikuwa ameinamisha kichwa. Nikawaza, akiliacha liende, basi jibu kuhusu baraka nimepata.

Mama akainua mkono. Mwenye bucha akaongeza, mama akaongeza, hivyo hivyo mpaka yule bwana akasalimu amri. Nililia mbele ya kanisa zima bila haya.

Mchana, nikijiandaa kurudi Skuta, kombe lilikuwa kabatini juu ya kitambaa alichofuma mwenyewe. Mnada ulishanifunza kuuliza kabla ya kupeleka kitu mbele, lakini hapa sikuuliza. Nilinyoosha tu mkono nilichukue.

"Wacha hapo," mama akasema. "Hiyo nimenunua. Wewe enda uimbe ushinde ingine."