Magurudumu Manane na Gunzi la Mahindi

Habari za kifo chake zilinikuta kwa kinyozi hapa Kitale, shuka shingoni na povu kidevuni, nisiweze hata kugeuza kichwa. Kinyozi alikuwa akipangusa wembe kwenye kitambaa. Akasema, kwa sauti ile ile anayotumia kutaja bei ya viazi, "Yule mzee wa gari ya kuogelea, si unamjua, ule wa duka la dawa ya ng'ombe, ameenda na maji jana huko kwao Myanga." Mteja aliyekuwa akingoja kwenye benchi akauliza, "Na gari?" Kinyozi akamjibu kwamba gari liko, limevutwa na trekta hadi ukingoni. Benchi zima likashusha pumzi. Kisha mmoja akasema, "Ati gari ya kuogelea imeua mwenyewe kwa maji, bana," na wakacheka mpaka kinyozi akalazimika kuuondoa wembe kooni mwangu. Sikuwakasirikia. Niliyemkasirikia ni marehemu, na hasira hiyo ninayo hadi sasa ninapoandika, kwa hiyo msomaji aliyezoea kumbukumbu za kupambwa maua na anivumilie leo.

Nilimjua kwa miaka mingi kama mtu anavyomjua mwenye duka anakonunua vitu. Aliishi Tuwan, mtaa wa hapa Kitale, na duka lake la dawa za mifugo na mbegu lilikuwa karibu na soko. Ng'ombe wangu wawili, ambao mke wangu huwaita watoto wa nje, wamekunywa dawa zake tangu wazaliwe. Alikuwa mkali kwa wakulima kuliko mwalimu wa zamu. Siku moja nilimkuta akimfokea mzee aliyetaka dawa ya kupe aichanganye na maji mara mbili ya kipimo ili imfikishe mwisho wa msimu. "Enda kwa duka ingine," alimwambia. "Hii ya nusu nusu unafundisha kupe kuzoea. Ng'ombe ikikufa utakuja kulia hapa kwangu, na mimi sitaki kirio chako." Mtu wa Bungoma huyo, l na r zilibadilishana viti mdomoni mwake kila alipopandisha hasira. Yule mzee alinunua dawa kamili, akaondoka ameinamisha kichwa. Nalikumbuka jambo hilo kwa sababu linaonyesha kwamba marehemu hakuwa mjinga. Alielewa vizuri sana kwamba kitu chenye uhai au chenye kazi kinataka kuhudumiwa kwa ukamilifu na kwa wakati. Alielewa hivyo kuhusu ng'ombe wa watu wengine.

Mama yake anaishi ng'ambo ya mto, chini kidogo ya Myanga, mahali ambapo daraja la miti huondoka na maji kila mvua za masika zinapokolea. Mama ana ugonjwa wa sukari. Msimu mmoja alipata kidonda mguuni, mto ukajaa, barabara ya kuzunguka ikawa tope la kumeza matrekta, na alipofikishwa hospitalini Bungoma madaktari hawakuwa na la kufanya isipokuwa kuukata mguu chini ya goti. Marehemu alirudi Kitale. Akafunga duka kwa muda, na alipolifungua alikuwa ameamua: mama hatapoteza mguu uliobaki kwa sababu ya mto. Akauza kipande cha shamba, akaagiza gari kutoka ng'ambo, la mtumba, likaja Mombasa kwa meli na Kitale juu ya lori. Hili ninalisema bila kejeli hata kidogo. Sijui mtoto mwingine katika mji huu aliyefanya jambo kama hilo kwa ajili ya mzazi wake.

Lilikuwa gari la ajabu. Magurudumu manane manene, manne kila upande, mwili wa plastiki ngumu kama beseni la kuogea, na halikuwa na usukani bali vijiti viwili: ukivuta cha kulia magurudumu ya kulia yanashikwa na gari linageukia huko. Majini halina rafadha. Magurudumu yenyewe ndiyo yanayopiga maji na kulisukuma polepole. Wakala aliyelileta, mtu wa Pwani, alilipiga kofi ubavuni mbele ya umati akasema, "Chombo hiki kinaelea." Sasa bara hapa neno hilo hatulitumii sana. Watu waliosimama pale walisikia jingine kabisa. "Ati inaelewa?" mama mmoja wa mboga akauliza. "Inaelewa nini?" Jirani yake akamweleza kwamba gari za siku hizi zina kompyuta, zinaelewa kila kitu. Hadithi ikaenea hivyo hadi Myanga, na gari likapata jina. Marehemu alicheka sana alipoambiwa, kisha akamwita mchoraji wa mabango, akaliandika ubavuni kwa rangi nyekundu: INAELEWA. Akaongeza redio yenye spika kubwa, akaifunga juu kwenye vyuma vya paa. Mchungaji akaja kuliombea, ng'ombe dume akachinjwa.

Chini ya mwili wa gari kulikuwa na matundu mawili yenye vizibo vya kuzungusha kama vya chupa. Kazi yake ni rahisi: ukishaliosha unavifungua maji yatoke, na kabla ya kuingia mtoni unavirudisha. Kulikuwa pia na pampu ndogo ya kutoa maji yakiingia. Vizibo vilipotea mwezi wa kwanza, mahali pa kuoshea magari, na pampu iliungua baadaye kidogo, wala haikupatikana nyingine. Nilimkuta nyuma ya duka amelala chali chini ya gari, mkononi ana kisu na gunzi la mahindi. Msomaji wa huku hahitaji kuelezwa. Nani kati yetu hajaziba mtungi wa maziwa au wa mafuta ya taa kwa gunzi lililofungwa kwenye karatasi ya nailoni? Linaingia kwa kusukumwa, likilowa linavimba, linashika. Nikamwambia aagize vizibo. Akachungulia kutoka chini ya gari akiwa na vumbi usoni. "Si hii inashika? Nimejaribu kwa bwawa, hata tone haikuingia," akasema. "Vizibo vinatoka Ulaya, bana. Gunzi iko hapa." Nikamuuliza na minyororo inayozungusha magurudumu je, ilipakwa girisi lini, maana ilikuwa inalia kama mlango wa kanisa. Akasema nisiwe na wasiwasi, gari lenyewe linaelewa. Alikuwa anatania, lakini alikuwa ameanza pia kuamini.

Hapa ndipo hasira yangu inapovuka mipaka ya Tuwan. Sisi tunapenda sana siku ya kwanza ya kitu. Tunakata utepe, tunapiga picha, tunavaa suti, tunamwomba mchungaji amwage maji ya baraka juu ya trekta la kikundi au jenereta ya zahanati. Sijawahi kualikwa kwenye sherehe ya kubadilisha oili. Hakuna anayechinja hata kuku kwa sababu mnyororo umekazwa. Nenda kwenye ua wowote wa ofisi katika kaunti hizi mbili, utazame nyuma, pale majani yameota: mashine zimelala zikiwa bado na riboni, zimekufa kwa ukosefu wa kitu kidogo ambacho mtu angeweza kukibeba mfukoni. Nilisoma Webuye, mji uliokua kando ya mashine kubwa ya kutengeneza karatasi, na najua jinsi nyumba elfu zinavyonyamaza mashine inaponyamaza. Watoto wa mji ule hawakupaswa kufundishwa tena thamani ya girisi. Lakini tumeifanya kazi ya kutunza kuwa kazi ya mtu mchafu, na kununua tumekufanya kuwa kazi ya bwana mkubwa, na kila mmoja wetu anataka kuwa bwana mkubwa.

Masika haya mto ulijaa mapema. Kidonda kingine kilitokea kwenye mguu uliobaki, na marehemu akaanza kumvusha mama kwenda kliniki, kwenda na kurudi, juma baada ya juma. Magunzi yalikuwa yale yale. Siku ya mwisho ndani ya gari walikuwa watatu: yeye, mama, na jirani wa mama, mwanamke wa makamo ambaye kazi yake ilikuwa kumshikilia mgonjwa asiteleze. Koti la kuelea lilikuwa moja. Alimvalisha mama. Jirani huyo ndiye aliyenisimulia yaliyofuata, akiwa ameketi jikoni kwake. "Tulikuwa katikati, mimi nikaona maji kwa miguu yangu. Nikamwambia, mzee, maji. Akasema ni ya mvua. Mala tena iko kwa magoti. Gali ikazima. Akaniambia, shika mama, usiachilie. Akainama akaingiza mkono chini kutafuta ile shimo, kichwa yake ikaingia kwa maji. Gali ikalala upande wake. Mimi nikashika mama. Si ndivyo aliniambia?" Nikamwambia ndivyo. Ukingoni watu walikuwa wanapiga picha kwa simu, wakidhani anawaonyesha mchezo, maana redio kule juu ilikuwa bado inaimba. Waliokuja na kamba waliwafikia wanawake wawili wakiwa wameng'ang'ania chuma cha paa. Yeye walimtoa baadaye, mkono mmoja umebanwa pale chini alipokuwa akitafuta tundu.

Mazishi yalikuwa makubwa. Mwanasiasa aliahidi daraja, na watu wakapiga makofi, sijui kwa nini. Mshereheshaji alimwita marehemu mbunifu. Mwingine akasema shujaa wa teknolojia. Mchungaji yule yule aliyeliombea gari akasema Mungu huchukua maua mazuri kwanza, na kwamba saa ikifika imefika, hakuna anayeweza kuizuia. Mama alikuwa kwenye kiti cha plastiki kando ya jeneza, mguu wake ule mmoja umefungwa bendeji. Aliomba kipaza sauti. Wakasita, kisha wakampa. "Pasta, usiseme ni Mungu," akasema. "Mungu hakuweka gunzi." Akarudisha kipaza sauti. Mshereheshaji akaanzisha wimbo haraka, kwa sauti ya juu, na watu wakauitikia kwa nguvu kuliko walivyoitikia nyimbo zote za asubuhi ile. Mimi sikuimba. Nilikuwa nalia, na nilikuwa natamani kumwinua yule mtu kutoka jenezani nimtingishe kwa mabega.

Nilirudi Myanga majuzi kumjulia mama hali. Mto ulikuwa bado juu, nikazunguka kwa miguu hadi upande wake. Gari lilikuwa ukingoni, limeoshwa, maandishi mekundu yanang'aa, na mdogo wake marehemu alikuwa akilitayarisha, kwa kuwa ilikuwa siku ya kliniki. Nikainama nikatazama chini. Matundu yote mawili yalikuwa na magunzi. Nikamuuliza, nadhani kwa ukali, kama hakuwapo ndugu yake alipozikwa. Akanitazama kwa heshima, kama kijana aliyelelewa vizuri anavyomtazama mtu mzima aliyechanganyikiwa. "Hii ni mpya, mzee," akasema. "Nimeikata leo. Ile ya marehemu ilikuwa imeoza."

Nikamgeukia mama, nikamsihi asipande. Nilimwambia tungoje maji yapungue, au tutafute watu wa machela wazunguke naye kwa barabara ya juu hata kama itachukua siku nzima. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akafunua bendeji kidogo, nikasikia harufu. "Mguu hii haiwezi ngoja, kijana yangu," akasema. "Uko na gari ingine?" Sikuwa nalo. Akaninyooshea mkono nimsaidie kupanda, nikamsaidia, nikamfunga lile koti mwenyewe, kifungo kimoja kimoja. Jirani alikataa kwenda naye safari hii. Nilibaki ukingoni nikilitazama gari likiingia majini, likilia minyororo, mpaka magurudumu ya mbele yakashika udongo wa upande wa pili na watu wa kule wakashangilia.

Walivuka salama, na kwa sababu hiyo hawataagiza vizibo. Hilo ndilo nililojifunza kwa marehemu, nalo ndilo ninalowaachia ninyi mlio na trekta, pampu, boti, pikipiki au mzazi mgonjwa. Chombo kilichoharibika hakituui sana, maana tunakiogopa na tunakitengeneza. Tunauawa na kile kilichotuvusha jana.