Niliandika makala ya "Mwanika dagaa" kwenye kamusi elezo ya mtandaoni, wakaifuta

Wakuu, habari za jioni. Wakubwa zangu, shikamooni.

Haya yamenipata mimi mwenyewe, na nikiongeza chumvi Mungu ananiona.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na kitu, nipo Kiseke hapa Mwanza. Sekondari nimeisoma ukubwani, masomo ya jioni. Huko ndiko mwalimu wa kompyuta alituonyesha ile kamusi elezo ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuandika.

Basi mwaka huu tukamzika mama yangu mkubwa, aliyenilea. Maisha yake yote alianika dagaa mwaloni Igombe, pale mitumbwi ya wavuvi inaposhushia.

Kanisani ukasomwa wasifu wa marehemu. Kufika kwenye kazi, wakasoma: "Mama wa nyumbani."

Iliniuma wakuu. Yule mama nyumbani alikuwa anarudi kulala tu. Mchana kutwa yuko juani, mgongo umepinda, anageuza dagaa.

Nikasali, nikaona niandike.

Makala nikaiita Mwanika dagaa. Nikaeleza mitumbwi ikishusha asubuhi wanawake wanavyonunua, wanavyotandaza, wanavyogeuza. Nikaeleza na sheria yao: wingu likija hakuna cha mwenyewe. Unakusanya dagaa walio karibu na mguu wako, hata kama ni wa mtu mliyenuniana. Kugawana baadaye. Maana dagaa wakinyeshewa, hao ni chakula cha kuku.

Chini kuna sehemu ya vyanzo. Nikajaza: "Mama mkubwa, alinieleza mwenyewe."

Chekeni tu, hata wahariri wa kule walicheka.

Haikuchukua muda, juu ya makala kikabandikwa kibao: inapendekezwa kufutwa. Mhariri mmoja, kijana, mpole kwa kweli, akaandika:

"Mama, hili ni neno la kawaida. Kila mtu anajua kuanika. Maana yake inatosha kwenye kamusi ya maneno."

Nikamjibu, "Mwanangu, mbona mvuvi ana makala? Kwani kuvua nani hakujui?"

"Mvuvi ameandikwa vitabuni, mama. Lete hata kimoja kinachoeleza waanikaji, mimi mwenyewe nitaitetea."

Nikatafuta. Nikaenda maktaba, nikapekua mtandaoni mpaka macho yakauma. Dagaa wameandikwa sana: lishe yao, bei yao, wanavyosafirishwa. Anayewaanika hayumo. Ukisoma huko utadhani dagaa wanajianika.

Mdogo wangu wa kiume akaniambia, "Dada, unahangaika nini? Nakufungulia blogu leo, tunaandika, unaiweka kama chanzo. Nani atajua?"

Nisiwadanganye, nilitamani. Nilisali rozari nzima nikitafuta ruhusa, sikuipata. Nikamwambia hapana. Mama mkubwa simtetei kwa ushahidi wa uongo.

"Haya, basi baki na utakatifu wako," akasema.

Wahariri wakapiga kura. Ya kubakisha ilikuwa yangu peke yangu. Makala ikafutwa, sentensi moja ikahamishiwa kwenye makala ya dagaa: "Hukaushwa juani kabla ya kuuzwa."

Nimeisoma hiyo sentensi mara nyingi. Hakuna mtu ndani yake.

Juzi nikaenda Igombe, maana nilishawatangazia wale kina mama kuwa wako mtandaoni. Nikamkuta Mama Sabina, aliyekuwa akianika pamoja na marehemu, ameinama na ufagio wake anageuza dagaa.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Mbona uso huo?"

"Wametutoa."

Hata hakuinuka.

"Kwani tulikuwa tumeingia?"

Wenzake wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Mimi nilishindwa kucheka, na kulia nilishindwa pia. Nikavua viatu nikamsaidia kugeuza.

Nilichojifunza wakuu: kule mtandaoni, kitu kuwa cha kweli hakutoshi. Lazima mtu asiye ndugu yako awe ameshakiandika. Sheria yao siilaumu, bila hiyo watu wangejaza uongo. Ila kuna watu hawatapita kwenye huo mlango mpaka wanazikwa, na hakuna atakayekuwa amewakosea.

Sijakata tamaa. Mwenye chochote kilichochapwa, gazeti la zamani, utafiti wa chuo, hata jarida la parokia, kinachomtaja mwanamke anayeanika dagaa, aweke hapa chini. Na wewe unayeona hawakustahili makala, sema tu, sitanuna.

Ila cha kutunga usiniletee.